Taya la Zerwal na Mwani wa Sidi Rahmun

Izza binti Miludi alimvunja mtu taya kwa reki ya chuma, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama, na mpaka leo watu wa Sidi Rahmun wakitaka kumweleza mgeni ni mwanamke wa namna gani, huanzia hapo. Mwenyewe hapendi. "Kwani mkate wangu hamjaula?" huwauliza. "Mbona hamuanzii kwenye mkate?"

Alizaliwa katika zile nyumba za juu ya jabali, kusini mwa El Jadida, ambako bahari haijui kubembeleza. Mama yake, Tahra, alikuwa mchumaji wa mwani mwekundu, ule unaochemshwa viwandani ukatoa utomvu wa kugandisha peremende na dawa. Maji yakipwa, wanawake walishuka miambani wamejifunga kamba kiunoni, mundu mkononi, gunia begani. Siku moja wimbi lilimzoa Tahra likambamiza jabalini kama mtu anayefua blanketi. Walimtoa akiwa hai, nyonga imesagika, na tangu hapo alitembea kwa kujiburura. Izza alikuwa bado hajavunja ungo. Akarithi kamba na gunia.

"Bahari usiipe mgongo," mama yake alimwambia kutoka kwenye godoro.

"Na wanunuzi je, mama?"

"Hao usiwape kitu kabisa."

Lakini wakati ule tayari wanunuzi walikuwa mmoja tu. Jina lake Haji Kabbur. Alikuwa ameanza kama dereva wa lori la samaki, mtu mcheshi, mwepesi wa kusalimia. Serikali ilipoanza kutoa leseni za mwani, pamoja na mgawo wa kila mwaka na miezi ya kufunga bahari, watu wetu walidhani wamepata mlinzi. Kumbe leseni zote za ufuo wa Sidi Rahmun zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya binamu zake Kabbur, mashemeji zake, hata kinyozi wake, watu ambao bahari waliiona wakipita na gari. Ukitaka kuchuma, unamchumia yeye. Ukitaka kupima, mizani ni yake. Ukithubutu kumuuzia mwingine, unakutana na Zerwal.

Zerwal alikuwa mwanamume mzuri wa sura, ndevu zimechongwa, daima ananukia sabuni. Alitembea na fimbo ya mzeituni na kupiga mbinja. Izza alimjua kwa vitendo siku Ghannu, rafiki yake wa tangu utotoni, alipouza magunia yake kwa mchuuzi aliyetoka mji wa Safi. Zerwal alishuka ufuoni asubuhi, wanawake wakiwa wanaanika. Alimkamata Ghannu kwa nywele akamburura mchangani mpaka mbele ya wenzake, akampiga fimbo za mgongo na za nyayo, taratibu, kama mtu anayepiga vumbi zulia. Kisha akachukua dumu la dizeli akaumwagia mwani wote wa Ghannu uliokuwa umetandazwa juani.

"Haya, nenda kauze," akasema. "Waambie huu ni wa kukaangia."

Vijana wake wakacheka. Wanawake wakatazama miguu yao. Izza naye alitazama ya kwake, na usiku na mchana baada ya hapo alikuwa akizisikia zile fimbo kwenye nyayo zake mwenyewe.

Aliolewa na Buazza, mpiga mbizi, mtu mpole mwenye masikio makubwa ambaye wenzake walimwita Birika. Wapiga mbizi wa Kabbur walizama na mpira wa hewa mdomoni, kompresa, mashine ya kusukuma hewa, ikiunguruma juu ya boti, wakakaa chini wakiung'oa mwani kwa reki, na mizizi yake, na kila kilichoushikilia. Buazza hakuipenda kazi ile. Alirudi jioni akisema, "Izza, kule chini sasa ni kama kichwa cha mzee. Nywele huku, upara huku." Lakini asubuhi alikwenda tena, maana hapakuwa na boti isiyo ya Kabbur.

Aliyekuwa akimshikia mpira juu ya boti ni Lahbib, mdogo wake Izza. Kompresa ilikuwa kuukuu, bomba la moshi wake limekatika, limefungwa kwa waya. Siku moja upepo uligeuka. Moshi ukanywewa na mashine ileile, ukashuka kwenye mpira hadi kwenye mapafu ya Buazza. Lahbib aliona kamba haitikisiki. Alipomvuta juu, shemeji yake alikuwa na uso mwekundu kama komamanga, utadhani mtu aliyepata afya, na povu linamtoka puani. Alikuwa amekwisha kufa.

Kabbur alikuja matangani na gari lake jeupe, amebeba mapia ya sukari iliyogandishwa na gunia la unga, kama desturi. Akakaa kwenye zulia, akashika tasbihi.

"Mungu ndiye aliyetaka, binti yangu," akasema.

"Mungu hana kompresa, Haji," Izza akamjibu.

Kabbur akatabasamu kama anayemvumilia mtoto. "Uchungu unakusemesha. Sukari hii—"

Hakumaliza. Izza aliliinua pia la sukari, zito kama jiwe la kusagia, akamrushia. Likampata juu ya jicho. Damu ikachirizika kwenye kanzu nyeupe. Zerwal, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia na viatu juu ya mazulia ya matanga, akampiga Izza kofi lililomwangusha juu ya mitungi, kisha teke la tumbo. Aliyemwondoa pale si mwanamume yeyote. Ni mzee Tahra, aliyejiburura mpaka hapo akamng'ata Zerwal mguuni. Lahbib alisimama kando, mikono imening'inia. Hakufanya lolote. Kesho yake alirudi kazini kwa Kabbur.

"Nina watoto, dadangu," alimwambia Izza baadaye.

"Na mimi nina kaburi. Haya, nenda ukashike mpira wako."

Miaka iliyofuata mwani ulipungua kweli. Miamba iliyokuwa ikifunikwa na zulia jekundu ilibaki wazi, na samaki wadogo waliokuwa wakijificha humo wakaondoka. Ndipo alipoletwa afisa wa uvuvi mpya, msichana wa mjini jina lake Siham, mwenye miwani na buti za mpira zilizompwaya. Wa kabla yake walikuwa wakinywa chai kwa Kabbur na kuondoka na mfuko. Huyu alishuka miambani, akaanguka, akapasuka goti, akainuka, akaendelea kupima. Kisha akawakusanya wanawake kwenye ukuta wa kuanikia mwani.

"Sheria inaruhusu wachumaji wenyewe kuunda ushirika," akasema, "na ushirika ukapewa kipande cha pwani. Mnakitunza, mnapanga kipi kichumwe na kipi kipumzike, mnauza wenyewe."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Siham akasimama pale, shavu limemwiva.

"Mwanangu," Izza akamwambia, "hiyo sheria yako ina meno, au ni ya kutafunia mkate laini?"

"Ina meno. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuisimamisha mdomoni."

Jibu lile halikuwa zuri sana, hata Siham mwenyewe alikunja uso aliposikia alichosema, lakini Izza alilipenda. Alimtazama Ghannu. Ghannu akamtazama yeye. Ndivyo ushirika ulivyozaliwa, wanawake na wapiga mbizi wachache wenye kinyongo na Kabbur. Jambo la kwanza walilokubaliana ni kwamba miezi ya kufunga, hakuna mtu atakayegusa mwani wa Sidi Rahmun. Hata ukucha.

Nyumba ya Siham ilipigwa mawe. Punda wa Ghannu alikutwa asubuhi amekatwa mishipa ya miguu, anahema. Mpiga mbizi mmoja wa ushirika alivunjwa vidole kimoja kimoja kwenye mlango wa gari, akaambiwa ajaribu sasa kushika reki. Askari wa kituo walikuja, wakauliza nani aliyefanya, na hakuna aliyeona.

Kisha ikaja ile asubuhi. Bahari ilikuwa imefungwa, na boti za Kabbur ziliingia hivyohivyo, jua limeshatoka, injini zinanguruma, zikatia nanga juu ya mwamba ambao ushirika ulikuwa umeuacha upumzike. Lahbib alikuwa kwenye boti ya mbele. Kufikia adhuhuri walikuwa wamejaza, na lori likashuka kwenye mteremko wa saruji kuja kupakia.

Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mteremko huo, bega kwa bega, wamebana magauni yao magotini. Izza alikuwa katikati, Ghannu kulia kwake. Kwenye usukani wa lori alikuwa Zerwal.

Akatoa kichwa dirishani. "Ondokeni, enyi wajane! Nitawafanya mikate ya bapa!"

"Wewe?" Ghannu akapaza sauti. "Hata kukanda hujui!"

Kicheko kikapita kwenye mstari. Zerwal akabana uso. Akalitia lori gea akalisogeza, polepole, mpaka bamba la mbele likagusa magoti ya wanawake. Wengine wakaruka kando. Ghannu hakuruka. Huenda alidhani Zerwal atasimama. Hakusimama. Gurudumu lilipanda juu ya mguu wake, na sauti iliyotoka, waliokuwepo wanasema, haikuwa ya mtu wala ya mnyama.

Zerwal akashuka, na pengine alishuka ili aone alichofanya, pengine ili amalizie, hakuna ajuaye, kwa sababu hakupata nafasi ya kusema. Izza alikuwa amekwisha kuokota reki ya kung'olea mwani iliyokuwa imeanguka kutoka kwenye lori. Aliizungusha kwa mikono miwili, kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu zote alizojengewa na magunia ya miaka yote ile. Taya la Zerwal likaachana na uso wake. Meno yakamwagika kwenye saruji. Alipiga magoti, mikono imeshika kitu ambacho hakikuwa tena mahali pake, na Izza akaizungusha tena, ikamwingia begani ikakwama mfupani. Alimwekea mguu kifuani akaivuta.

Baada ya hapo ufuo wote uliwaka. Watu walishuka kutoka majumbani na mawe, na makasia, na vyuma vya hema. Vijana wa Kabbur walipigwa mpaka wakaingia majini na nguo zao. Boti zikamwagiwa dizeli yao wenyewe zikatiwa moto, kompresa zikapasuka moja baada ya nyingine kwa kishindo, mipira ya hewa ikajikunja ndani ya ndimi za moto kama nyoka. Lahbib alijitupa baharini. Jiwe lilimpata sikioni akiogelea, na Izza aliliona likimpata, na hakujua kama alifurahi. Gari jeupe la Kabbur liligeuzwa matairi juu, naye akatoka dirishani kwa tumbo, kanzu imepasuka, akatambaa mpaka miguuni pa askari waliokuwa wanafika.

Ghannu alikatwa mguu juu ya goti. Izza alipelekwa mahakamani.

"Ulikusudia kumuua?" jaji akamuuliza.

"Nilikusudia anyamaze."

"Hayo ndiyo majibu yako?"

"Baba jaji, ungekuwa ufuoni ungesikia mguu ule. Mimi sina maneno mengine."

Akafungwa. Gerezani palikuwa na bomba moja la maji kwa wanawake wote wa upande ule, na bomba lilikuwa na mwenyewe: mwanamke mnene wa Casablanca aliyeitwa Tamu, aliyeuza zamu kwa sigara na kwa sabuni. Wiki ya kwanza Izza alienda kuchota bila kuomba. Tamu alimpiga ndoo ya chuma mdomoni, akampotezea jino, kisha akamshika kisogo akamsugua uso ukutani. Izza alingoja. Alipopona, alikusanya waliochoka, wakamvamia Tamu bafuni wakamtandika mpaka akabebwa na machela. Walisherehekea kwa kuoga. Haikuchukua muda, mmoja wa wale waliompiga, aliyepiga kuliko wote, alikuwa amekaa kwenye ndoo karibu na bomba akidai sigara.

Izza alimwendea. "Dada, si tulimwondoa yule?"

"Tulimwondoa," akasema yule. "Sasa ni mimi. Una sigara?"

Jambo hilo lilimkaa Izza kichwani kuliko jino. Alikuwa akilala akilitazama darini. Alimsimulia Siham alipokuja kumtembelea, na Siham, badala ya kumpa mawaidha, akauliza, "Ungepanga vipi?" Walizungumza zamu za bomba mpaka mlinzi akapiga chuma mlangoni. Kwa kweli hawakuwa wakizungumza bomba.

Huku nje, picha za lori likimpanda Ghannu zilikuwa zimezunguka kwenye simu za nchi nzima. Walikuja wakubwa kutoka mji mkuu na viatu vyao vizuri, wakaonyeshwa ule mguu uliokatwa, kwa maana Ghannu alikuwa akiwafunulia bila aibu kila aliyefika. "Tazama vizuri, bwana mkubwa. Hiyo ndiyo leseni mliyompa kinyozi." Leseni zote zikafutwa. Zerwal alifungwa, akanyonya supu kwa mrija. Kabbur alihamia mjini akawa na duka la matairi, na inasemekana bado ni mcheshi. Pwani ya Sidi Rahmun ilipewa ushirika.

Izza aliporudi, walimpokea kwa vigelegele na mkate wa shayiri wenye mafuta ya zeituni, na Ghannu akaja akichechemea kwa gongo. Wakakumbatiana, wakapoteza mizani, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi wakacheka huku wanalia. Mwaka huohuo Izza akachaguliwa mwenyekiti. Wengine walimchagua kwa upendo, wengine kwa sababu ya reki.

Sheria za ushirika zilipangwa kwenye ukuta wa kuanikia, mbele ya kila mtu, kwa kelele, matusi na kugombana siku baada ya siku. Pwani ikagawanywa vipande, kila kipande kwa zamu kipumzike. Mwani ukatwe kwa mundu, using'olewe. Mizani ikae nje, mahali ambapo hata mpita njia anaweza kusoma. Atakayevunja, boti yake itapandishwa nchi kavu msimu mzima. Na kwa ushauri wa Izza mwenyewe, mjumbe ambaye ndugu yake ameshtakiwa atatoka kikaoni. "Mimi sitaki kukaa kwenye ndoo," alisema, na hakuna aliyeelewa, lakini wakapitisha.

Lahbib alirudi kuomba kuingia. Sikio lake moja lilikuwa limejikunja kama jani kavu. Alisimama mbele ya dada yake, akashindwa kumtazama.

"Nilimwona Buazza akifa," akasema. "Siku zote namwona."

"Na mimi nakuona wewe ukitazama viatu," Izza akamjibu. Lakini akampokea. Ushirika ukamkopesha boti na kompresa mpya, bomba lake la moshi refu kama shingo ya ngamia.

Msimu wa kwanza ukapita vizuri. Wa pili mwani ulikuwa bado haba, na mavuno yalikuwa ya kulambisha tu. Siku moja, kabla ya adhuhuri, walinzi wa ushirika wakamkuta Lahbib kwenye kipande kilichofungwa, gunia limejaa, mwani una mizizi yake. Hakukata. Aling'oa.

Izza alipewa habari akiwa anakanda. Alinawa unga mikononi, akaenda mpaka ukutani, akasema, "Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Natoka." Akakaa mbali, juu ya jiwe, na kilichoamuliwa akakisoma kwenye uso wa Ghannu, aliyesimama kwa gongo lake na kutamka: boti ipandishwe. Msimu mzima.

Lahbib hakumwendea Ghannu. Alimwendea dada yake.

"Wewe ndiye umeamua!"

"Nilitoka kikaoni, Lahbib. Kila mtu ameona."

"Ulitoka kwa miguu tu! Watoto wangu wale nini? Wale kamati? Wale mizani?" Sauti ilikuwa imempasuka. "Kabbur alikuwa mbwa, lakini alinipa kazi. Dada yangu ananinyonga!"

"Watoto wako watakula kwangu."

"Sitaki mkate wako!"

Kisu cha kukatia kamba kilikuwa kiunoni mwake. Izza alikiona kikitoka, akainua mkono wa kushoto, bila reki, bila chochote. Kisu kikapita kiganjani kikatokea upande wa pili. Lahbib akakivuta, akachoma tena, kikamchana kuanzia sikio mpaka kidevuni. Damu ilimrukia machoni, na pengine ni hiyo iliyomfanya asimame, kwa sababu alisimama, akakitazama kisu kana kwamba mtu mwingine amemshikisha.

Hapo wakamfikia. Wapiga mbizi, wanawake, walinzi, watu walewale wa siku ya lori. Wakamwangusha. Wakampiga kwa makasia, kwa magongo, kwa visigino. Izza alisikia mbavu zikivunjika, sauti kavu kama vijiti. Mtu mmoja alipaza sauti, "Leteni reki!" na reki ikapitishwa juu ya vichwa, mkono kwa mkono.

Izza alijisukuma katikati yao. Alimlalia mdogo wake, kifua juu ya mgongo, damu yake ikimwingia yule kwenye nywele. Kasia lililokuwa limeshainuliwa lilishuka likampata yeye bega. Jingine likampata kiunoni.

"Ondoka, Bi Izza! Amekuchoma huyu!"

"Amenichoma mimi! Nyinyi amewachoma wapi?" Alikuwa akitema damu kila neno. "Kamati imesema boti. Imesema boti! Mmesikia kuna aliyesema auawe? Mkimuua hapa, kesho nani atashika sheria? Atakayeshika ni mwenye reki! Nani anaitaka? Semeni! Wewe? Wewe, Hniya? Nani anataka kuwa Zerwal?"

Hniya, aliyekuwa ameishika ile reki, ni mke wa yule mpiga mbizi aliyevunjwa vidole. Alisimama hivyo, reki imeinuka, kwa muda ambao kila aliyekuwepo ana urefu wake anaoukumbuka. Kisha akaitupa baharini, akakaa chini akapiga mayowe.

Askari waliitwa, na Lahbib akachukuliwa kwa kosa la kisu. Izza hakumtetea mahakamani wala hakumwongezea. Alieleza kilichotokea, na uso wake wenye mshono ukaeleza uliobaki. Boti nayo ilipandishwa nchi kavu, msimu mzima, kama ilivyosemwa, ingawa mwenyewe alikuwa kifungoni na hapakuwa na wa kuitumia. Mkewe na watoto walikula kwa Izza, na baadaye mkewe akapata kazi kwenye banda la kukaushia, ambako anajulikana kwa kuimba vibaya.

Mwani ulirudi polepole, kisha kwa haraka. Kipande cha kaskazini kilipofunguliwa baada ya kupumzika, wapiga mbizi walitoka majini wakicheka na vipumulio mdomoni. Kiwanda cha mjini sasa hutuma lori lake lenyewe, na dereva hungoja kwenye kivuli mpaka aitwe. Ugomvi haujaisha. Mwaka jana watu wa kijiji cha jirani walikuja kuiba, wakapigwa mawe, mmoja akapoteza jicho, na Izza alilia kwa hasira ukutani, akawaita wenziwe wanyama, kisha akamwandama Siham mpaka majirani hao nao wakapewa pwani yao na kamati yao. Kiti chake alikiacha muda wake ulipokwisha. Kuna waliomsihi abaki. Aliwaambia waende wakatafute usingizi.

Lahbib alipotoka hakurudi nyumbani. Alishuka kusini, Dakhla, akawa mvuvi wa pweza kwenye boti za watu. Hawakusemezana miaka. Kisha siku moja, Izza akiwa anageuza mwani juani kwa mkono wa kulia, maana vidole vya kushoto havikunjiki tena, simu ikalia mfukoni.

"Dada."

Izza akaibana simu kwa bega.

"Mwani umeota?" Lahbib akauliza.

"Umeota."

"Na kile kipande? Nilichong'oa?"

"Hicho bado. Kimeanza pembeni tu."

Nyuma ya sauti ya Lahbib palisikika upepo wa kusini na mtu akimwita aje avute nyavu.

"Na mkono wako?"

Izza aliutazama ule mkono, kovu lake jeupe kiganjani, vidole vilivyobaki wazi kama vya mtu anayeomba chumvi.

"Njoo uuone mwenyewe," akasema, akakata simu, akaendelea kugeuza mwani.

Hajaja bado. Lakini kila wiki humpigia, na mazungumzo yao yamekuwa marefu kidogo.